Vigingi Tisa vya Uwanja wa Ndege

Mashimo yalikuwa tisa, na katika kila shimo palikuwa na mmea.

Inspekta Micheline Kaswera alichuchumaa kando ya shimo la kwanza, akagusa udongo kwa kidole. Ulikuwa na unyevunyevu. Mtu alikuwa ameumwagilia maji.

Ilikuwa Jumatatu ya Februari, mwaka 2020, saa mbili asubuhi. Jumamosi wapimaji walikuwa wameacha hapa vigingi tisa vya saruji, vimepakwa rangi nyeupe, kuonyesha mahali ambapo njia ya kurukia ndege ya Goma ingerefushwa, juu ya lava kuukuu upande wa kaskazini. Tume ya Bunge la Jimbo ilikuja kuvikagua kabla ya kupiga kura siku ya Ijumaa. Haikukuta kigingi hata kimoja.

"Ni wao!" alifoka Mheshimiwa Valentin Mulumeoderhwa, msemaji wa upande wa uwanja wa ndege. "Wanataka fedha ziende kwenye barabara ya Masisi. Wameona kura hazitawatosha, wameamua kuiba!"

"Nani mwizi?" alijibu Mheshimiwa Ferdinand Twagirimana, kiongozi wa upande wa barabara. "Watu wa Masisi wanabeba wagonjwa kwa machela hadi Sake, nawe unamrefushia njia mkeo apande ndege! Mmevificha wenyewe, mpate kutusingizia."

"Mke wangu amekukosea nini?"

"Anasafiri mno!"

Wajumbe wakacheka, hata wa upande wa Mulumeoderhwa. Mwenyewe hakucheka.

"Dawa za kipindupindu zinakuja kwa ndege," alisema. "Ndege kubwa zikishindwa kutua na mzigo kamili, hao wagonjwa wako utawatibu kwa hotuba?"

"Na dawa zikishatua Goma, zitafikaje Masisi? Zitaruka tena?"

"Waheshimiwa," alisema Inspekta Kaswera akisimama, "mnakanyaga ushahidi."

Walirudi nyuma, lakini hawakunyamaza.

Msaidizi wake, Lévi, alikuwa ameshaona alama ya magurudumu katika vumbi jeusi. Ilikuwa ya chukudu, ile baiskeli ya mbao inayobebeshwa mizigo mjini. Mpira wa gurudumu la nyuma ulikuwa na ufa. Kufikia saa sita, Lévi alikuwa ameipata chukudu yenyewe, yenye ufa uleule na rangi nyeupe juu ya ubao. Mwenyewe, kijana mmoja, alikamatwa sokoni akipakia maharagwe.

Hakukimbia wala hakubisha. Alipoulizwa habari ya rangi, alijibu: "Ni mimi."

Kesi ikawa imekwisha kabla ya chakula cha mchana, au ndivyo mwendesha mashtaka alivyoona. Kuhujumu mali ya Serikali ni kosa la kifungo cha miaka mingi. Aliagiza kijana apelekwe gereza kuu kesho yake, saa nne asubuhi. Waheshimiwa wote wawili walikwisha kufika kituoni, kila mmoja akitaka kijana amtaje mwenzake kuwa ndiye aliyemtuma.

Inspekta aliwaacha kwenye benchi ya korido, akafunga mlango.

"Jina."

"Benny Twagirayezu."

"Umri."

"Miaka makumi mbili na moja."

"Vigingi ulivichukua saa ngapi?"

"Jana, saa nne. Watu walikuwa misani."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna mutu."

"Basi kwa nini?"

"Hasira."

"Ya nini?"

"Barabara ya Masisi ni mubaya."

"Umeshaipita?"

Kijana alitazama mikono yake. "Hapana."

"Uliipataje hasira ya barabara usiyoijua?"

"Nilisikia kwa redio."

Lévi alikohoa kuficha kicheko. Inspekta aliendelea kuandika.

"Vigingi viko wapi?"

"Nilitupa ndani ya ziwa, Lac Vert."

"Na ile mimea?"

"Mimea gani?"

Inspekta aliweka kalamu chini.

"Katika kila shimo kuna mmea, Benny. Aliyeng'oa vigingi ndiye aliyeupanda, akaushindilia kwa mguu, akaumwagilia maji. Mara tisa. Huwezi kuwa umesahau."

"Eh, ile mimea. Ndiyo. Ilikuwa maua."

"Si maua."

Benny alifumba midomo. Lakini alipokuwa akiondolewa, aligeuka mlangoni. "Mama Inspekta, andika tu kwamba ni mimi. Tafadhali. Niko naomba."

Lévi alisubiri nyayo zipotee.

"Anamficha mtu."

"Anamficha mkulima," alisema Inspekta. "Kwetu Lubero, na vilevile katika milima ya Masisi, mpaka wa shamba hupandwa mmea ule wa majani marefu. Unaweza kumshitaki jirani yako miaka kumi, lakini huung'oi mpaka huo ukaacha mahali patupu. Ukilazimika kuuondoa, unaacha alama palepale ulipokuwa, ili pajulikane. Wahuni waliotumwa na wanasiasa wangetaka kipimo kipotee kabisa. Mtu huyu alikilinda."

"Mwizi anayelinda alichoiba?"

"Anayetaka kazi icheleweshwe, si iharibike. Na kijana huyu amekulia juu ya lava. Hajawahi kuwa na shamba la kugombania. Anaishi na nani?"

Lévi alifungua daftari lake. "Na mama yake tu. Anatoka Masisi."

Nyumba ilikuwa ya mbao, imesimama juu ya mawe meusi, hatua sitini kutoka shimo la tano. Uani palikuwa na safu ya mimea ya majani marefu, imeoteshwa katika udongo uliobebwa kutoka mbali, kwa maana lava haina udongo wa kutosha hata kiganja. Lévi alitoa katika mfuko wa ushahidi kipande alichokichukua shimoni, akakilinganisha na shina moja lililokatwa. Mkato ulikuwa mmoja, wa mshazari, wa panga kali. Akahesabu mashina yenye majeraha mabichi.

"Tisa," alinong'ona.

Mama Emerance Mukabalisa alitoka akifuta mikono. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na kitu, muuza jibini na maharagwe.

"Karibuni. Mumeleta habari ya mutoto wangu?"

"Tumeleta, mama. Amekiri."

"Amekiri nini?"

"Kwamba ameiba vigingi, akavitupa Lac Vert."

Mama Emerance alikaa juu ya kizingiti, taratibu, kama mtu anayetua mzigo mzito.

"Mutoto muongo," alisema. "Mutoto wangu mujinga, muongo. Jana aliimba misa nzima katika kwaya, waulizeni watu wote. Mimi nilisema kichwa kinaniuma, nikabaki. Aliporudi, aliona rangi kwa chukudu yake. Alinitazama. Hakuniuliza kitu."

"Viko wapi, mama?"

Aliwaingiza ndani, akainua shuka. Vigingi tisa vilikuwa chini ya kitanda, vimelazwa juu ya magunia, kimoja kando ya kingine.

"Sikuvunja hata kimoja," alisema. "Ni vya Serikali."

"Ulivitoaje peke yako?"

"Kwa mutaimbo. Nimelima miaka makumi tatu, mama Inspekta. Mikono hii si ya kanisa tu."

"Mtu akitaka kupinga mradi, huandika barua."

"Niliandika!" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Niliingia darasa la watu wazima pale parokia kwa sababu ya hiyo barua. Miaka miwili. Sikutaka mutu mwingine aniandikie, maana angejua yaliyo ndani. Nikaipeleka mwezi wa kumi na moja kwa Mheshimiwa Twagirimana, kwa kuwa ni mutu wetu wa Masisi. Alinishika mukono. Alisema: 'Mama, hii barua ni ya maana sana.' Nikangojea jibu. Badala ya jibu, watu wa vigingi wakafika."

"Barua inasema nini?"

"Muulize yeye. Kwa kinywa changu nitasema mara moja tu, mbele ya mutoto wangu. Mara mbili sitaweza."

Waheshimiwa walikuwa bado kwenye benchi, wamepeana migongo.

"Mheshimiwa Twagirimana," alisema Inspekta, "barua ya Mama Mukabalisa iko wapi?"

Mbunge alipepesa macho. Kisha alifungua mkoba wake, kwa kuwa barua ilikuwa mumo humo, ndani ya jalada safi.

"Nilikuwa naihifadhi. Ningeisoma Ijumaa kikaoni, dakika chache kabla ya kura. Hakuna ambaye angethubutu kuinua mkono."

Inspekta aliisoma akiwa amesimama. Herufi zilikuwa kubwa, zimeandikwa kwa subira. *Mume wangu Gradi yuko ndani ya nyumba yetu, chini ya jiwe la volkano, tangu mwaka wa 2002. Sikatai ndege. Ninaomba siku kumi na nne, watu wavunje jiwe, nimtoe, nimzike, kabla ya mashine kupita.*

Alimpa Mulumeoderhwa. Yeye naye alisoma, akarudia mstari wa mwisho.

"Siku kumi na nne," alisema. "Ningezitoa. Novemba ile ile ningezitoa, na vijana wa kuvunja jiwe juu yake. Kwa nini hukunionyesha?"

"Kwa sababu ungezitoa," alisema Twagirimana.

Maneno yalikwisha kutoka. Yeye mwenyewe aliyasikia, akainamisha kichwa. Katika korido ile hapakuwa na mtu wa kumcheka.

"Andika ombi la siku hizo," Inspekta alimwambia Mulumeoderhwa. "Sasa. Nawe, Mheshimiwa, utatia sahihi chini yake."

Mwendesha mashtaka alipigiwa simu. Alinung'unika, akauliza mara mbili kama vigingi vilikuwa vizima kweli, hatimaye akakubali: kijana aachiwe leo hii, mama aandikiwe maelezo, alale kwake, aje atakapoitwa.

Ndipo Benny alipoletwa ofisini, pingu zimefunguliwa. Alipomwona mama yake kwenye kiti, alitaka kuanza tena.

"Ni mimi, mama Inspekta, huyu hajui kitu—"

"Nyamaza, Benny," alisema mama yake. "Kaa."

Akakaa. Inspekta alivuta karatasi ya maelezo.

"Nilikuambia papa yako alikufa njiani, wakati wa kukimbia," Mama Emerance alianza. "Nilikudanganya. Hakufika njiani. Wiki mbili mbele ya volkano alianguka kutoka kwa lori, akavunjika muguu, paja. Siku ile moto uliposhuka, majirani wote walikuwa wameshaenda. Nilimuvuta mpaka mulangoni. Nilishindwa kumupitisha. Na wewe ulikuwa na miaka mitatu, unalia, hautaki kutembea. Mugongo ulikuwa mumoja."

Benny alimgeukia mama yake.

"Yuko pale walipoweka kigingi cha tano. Nilijenga karibu, nisimwache peke yake mara ya pili. Watu wa vigingi wakaja. Nikafikiri: nikitoa vigingi, watatafuta wiki moja, mbili, mimi nitapata watu wa nyundo. Sikufikiri kwamba watakukamata wewe. Hiyo ndiyo kosa yangu. Ile ingine sijutii."

Kalamu ya Inspekta ilisimama. Nje, ndege ndogo ilipita chini juu ya mapaa, na wote watatu wakangoja mngurumo wake uishe.

"Kwa hiyo ulinichagua mimi," alisema Benny. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Na yeye akakuona ukinichagua."

"Hapana."

"Mama, usinidanganye tena."

"Hapana, mwanangu. Mimi sikuchagua. Nilisimama pale mulangoni kama muti, siwezi kwenda, siwezi kubaki. Ni yeye. Alinyoosha mukono akavuta kitenge changu. Akakuinua akiwa amekaa chini, na muguu wake ule. Akakuweka mugongoni pangu, akapitisha kitenge, akafunga fundo mwenyewe, hapa, juu ya kifua."

Aliweka kiganja mahali penyewe.

"Halafu akalivuta mara mbili," alisema, "kuona kama limekaza."