Waliobeba Cherehani Mchana Kweupe

Mama Vifungo alikuwa fundi wa kushona nguo. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu shingoni hakukosa uzi uliotungwa vifungo vya kila rangi. Alishonea nyumbani, katika chumba cha mbele. Mumewe alikuwa mpaka rangi, na binti yao alikuwa bado anasoma. Cherehani ya umeme ndiyo iliyowaweka mjini. Ikinguruma, nyumba inakula. Ikinyamaza, kila mtu anamtazama mwenzake.

Nyumba ya pili aliishi mjane mmoja mfugaji, watu wakimwita Bibi Kuku. Walitenganishwa na ukuta tu. Bibi Kuku alikuwa mwema, lakini mdomo wake haukuwa na breki. Ukimsalimia asubuhi, chai yako inapoa mezani. Kwa hiyo Mama Vifungo alizoea kumpita mbiombio, akiinua mkono na kusema kazi zimemzidi.

Siku moja simu ikaita. Mama yake Mama Vifungo alikuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga, naye alihitaji mtu wa kumuuguza. Shule zilikuwa zimefungwa, basi familia nzima ikajiandaa kusafiri. Mume akauliza kama wapite kumuaga jirani. Mama Vifungo akakataa kabisa.

"Ukimwambia yule umetangaza," alisema. "Kabla hatujafika stendi, mtaa mzima utajua."

Wakafunga madirisha na kushusha mapazia yote. Wakaacha taa ya barazani inawaka. Ufunguo wa mlango wa jikoni wakauweka chini ya kopo la rangi, mahali unapokaa siku zote. Geti wakalitia kufuli kubwa kwa nje. Walipokuwa ndani ya basi, Mama Vifungo alipiga picha ya familia, akaiweka mtandaoni kwa simu yake ili wateja waione. Chini yake akaandika kwamba wamesafiri kumuuguza mama, na kwamba wamvumilie hadi wiki ijayo.

Walirudi mchana, wamechoka lakini wana furaha, maana mgonjwa alikuwa ameanza kutembea. Mume alipogusa kufuli, likabaki mkononi mwake. Lilikuwa limekatwa, kisha likarudishwa mahali pake.

Ndani hapakuwa na fujo. Hakuna kioo kilichovunjika, hakuna mlango uliotobolewa. Ila televisheni haikuwepo, na meza ya kushonea ilikuwa tupu. Mfuko wenye sare za shule za wateja nao ulikuwa umekwenda. Mama Vifungo aliketi kwenye kiti chake cha kazi, akaweka mikono juu ya meza ile.

Bibi Kuku alipoona geti wazi alikuja kuwapokea. Akawapa pole ya safari, kisha akauliza kama cherehani imeshapona. Wote wakamgeukia.

Hapo ndipo alipoeleza. Walikuja wanaume waliovaa ovaroli, wakiwa na mkokoteni, mchana kweupe. Walimwamkia kwa heshima. Walisema fundi amewatuma wapeleke mashine na televisheni kwenye matengenezo. Aliwaona wakifunga mlango wa jikoni kwa ufunguo kama watu wa nyumbani. Nani angewashuku?

"Lile geti lilikuwa linajirudi," alisema kwa sauti ndogo. "Nikawashikia."

Akakaa palepale kwenye ngazi ya mlango.

Kesho yake akaja mpelelezi kutoka kituo cha polisi, mwanamke wa makamo aliyevaa nguo za kawaida. Alitazama vyumba, akauliza maswali machache. Kisha akamwomba Mama Vifungo watoke pamoja mpaka barabarani.

"Dada, jifanye huijui nyumba hii," alisema. "Wewe ni mpita njia. Unaona nini?"

Mwanzoni Mama Vifungo aliona nyumba yake tu. Halafu akaanza kuona. Taa ya barazani ilikuwa inawaka juani, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuizima. Majani makavu yalikuwa yamejaa mbele ya geti, pamoja na karatasi za matangazo. Mapazia yote yalikuwa chini.

"Naona nyumba haina mtu, afande," akasema.

"Na mwizi aliona hivyohivyo."

Mpelelezi akamweleza taratibu. Wezi wengi hutafuta nyumba tupu, kwa sababu hawataki kukutana na mtu. Kufuli ni zuri, lakini likining'inia nje linamwambia kila apitaye kwamba wenyewe wametoka. Ufunguo nao usifichwe chini ya kopo wala chini ya zulia la mlangoni. Mwizi naye ana kwao, anajua watu wanaficha wapi. Ufunguo ukae kwa mtu unayemwamini.

Mume alikuwa anasikiliza kutoka uani. Bila kuambiwa na mtu, aliinua ngazi yake ya kazi iliyoegemea chini ya dirisha, akaiingiza ndani.

Mpelelezi akauliza nani alijua kuhusu safari. Mama Vifungo akajibu kwa haraka kwamba hakuna, hata jirani hakumuaga. Alipoulizwa kama aliweka lolote mtandaoni, akaikumbuka simu. Akaitoa mfukoni na kuonyesha ile picha. Mpelelezi alisoma maneno yaliyoandikwa chini yake.

"Jirani wa ukuta mmoja umemficha," alisema. "Watu ambao wengine hata huwajui, umewaambia mpaka wiki ya kurudi."

Mama Vifungo aliona haya. Jioni ile alikwenda kwa Bibi Kuku, akakaa mpaka chai ikapoa. Kila mmoja alimwomba mwenzake radhi.

Cherehani haikupatikana. Mama Vifungo aliazima ya fundi mwenzake, akashona upya sare zote zilizopotea kwa kitambaa alichonunua mwenyewe. Mambo yalikuwa magumu kwa muda mrefu. Alipopata mashine nyingine, kitu cha kwanza alichofanya ni kuipiga picha pamoja na namba yake ya kiwandani, ili ikiibwa aweze kuthibitisha kuwa ni yake. Mumewe aliweka kitasa upande wa ndani wa geti, badala ya kufuli la nje. Sasa mtu wa nje hakuweza kujua kama wametoka au wamelala.

Baadaye mama mgonjwa alitakiwa kurudi hospitali kupimwa. Safari hii Bibi Kuku alikuwa wa kwanza kujua. Alipewa ufunguo na namba zao za simu. Asubuhi alifungua mapazia ya mbele, jioni akayashusha na kuwasha taa, na kulipokucha akaizima. Alifagia mbele ya geti na kuanika nguo zake kwenye kamba yao. Hata baadhi ya kuku aliwahamishia uani mwao, wakapiga kelele kama kawaida yao. Picha za safari zilikaa kimya ndani ya simu mpaka familia iliporudi.

Waliporudi, Bibi Kuku alikuwa na habari. Kijana mmoja alikuwa amekuja kugonga, akichungulia juu ya ukuta, akidai ameleta nguo za kupunguzwa. Bibi Kuku alimkaribisha kwa maswali. Nguo za nani, anakaa wapi, ametumwa na nani, mama yake hajambo? Kijana aliondoka bila kuaga, na Bibi Kuku akakipigia simu kituo cha polisi kueleza sura yake. Labda alikuwa mteja kweli. Lakini hakurudi tena, na ndani ya nyumba hakikupungua hata kifungo.

Mwaka ulipokaribia kwisha, Bibi Kuku alikwenda kumwona mjukuu wake mchanga. Ufunguo wake ukabaki kwa Mama Vifungo, pamoja na kazi ya kulisha kuku. Asubuhi moja, akiwa anamwaga pumba, alisikia mtu asiyemjua akiuliza getini kama mwenye nyumba yupo.

"Yupo, anaoga," Mama Vifungo akajibu, huku akisogea amwone vizuri usoni. "Unataka mayai?"