Fundi Mdogo na Macho ya Jioni

Kifungo akitoka shule haendi nyumbani. Anakwenda moja kwa moja kwenye karakana ya baba yake, anavaa aproni juu ya sare na kuanza kazi. Jina la Kifungo alipewa na kaka yake, kwa sababu ni mdogo wa umbo na katika kushona vifungo hana mpinzani. Ana miaka kumi na miwili tu, lakini ukimsikiliza utadhani karakana ni yake.

"Kaka, nyuzi umezichanganya tena! Nikiwa fundi mkuu, wewe nitakuweka mlangoni ukaribishe wateja."

"Kwa sura hii? Si watakimbia wote!" kaka yake alimjibu siku moja, na baba yao akaangua kicheko huku akiendelea kukanyaga cherehani.

Ila binti huyu mwenye maneno mengi alikuwa na jambo moja ambalo hakulisema kwa mtu. Jua likianza kuzama, macho yake yalizima kabla ya macho ya wenzake. Uwanjani, wakati wenzake bado wanaufukuza mpira, yeye alijikwaa kwenye mawe ambayo kila mtu aliyaona. Babu yake, aliyekuwa fundi pia, alifariki akiwa kipofu, na majirani walisema sindano ndiyo iliyommaliza macho. Kifungo aliamini hivyo. Akisema, baba atamkataza kushona, na kushona ndiko kulikokuwa furaha yake. Basi akaufyata ulimi.

Jumatano moja baba alitandaza kitambaa cha kijivu mezani, akachora mkono wa koti la bwana harusi. Alichora mistari miwili kwa chaki: wa ndani, mzito, wa kupitisha cherehani, na wa nje, mwembamba, wa kupitisha mkasi. Nafasi iliyo katikati ndiyo inayokunjwa ndani ya mshono.

"Kata huu," alimwambia kaka, kisha akatoka kupeleka suruali kwa mteja.

Uzi wa kijivu ulikuwa umekwisha, kwa hiyo kaka naye akakimbilia dukani kwanza. Mara umeme ukakatika. Jua lilikuwa limeshatua, na Kifungo akabaki peke yake na mkasi. Moyo ukamwambia, hii ndiyo nafasi yako, waonyeshe! Akainama juu ya meza. Aliona mstari mmoja tu. Akakata, kwa mkono usiotetemeka hata kidogo, akaweka mkasi chini, akatabasamu.

Umeme uliporudi, kaka alikuwa ameingia na uzi, na baba alikuwa amesimama mbele ya meza.

"Lo! Nani amekata juu ya mstari wa kushonea? Huu mkono atauvaa nani, mtoto mchanga?" Akamgeukia kaka. "Nilikwambia wewe!"

"Baba, sikuukata mimi."

"Ebo! Kwa hiyo umejikata wenyewe? Nilipanga uanze kukata makoti likizo hii. Sahau. Mkasi wangu usiuguse tena."

Kaka aliuweka uzi mezani. Machozi yalimlengalenga, kijana mkubwa vile. Kifungo aliinamia sakafu, akaanza kuokota vipande vya kitambaa.

Usiku ule kaka hakula. Alisema ameshiba, lakini Kifungo alijua hajatia kitu mdomoni tangu mchana. Roho ilimuuma. Asubuhi, baba alipokuwa akinywa chai, Kifungo akasimama mbele yake.

"Baba, ni mimi niliyekata. Kaka hana kosa." Akayaonyesha macho yake kwa kidole. "Sikuuona mstari wa nje. Jioni huwa sioni. Sasa ni muda mrefu."

Baba aliweka kikombe chini taratibu. Kifungo alijikaza kusubiri karipio, lakini baba alimvuta karibu, akamtazama machoni kana kwamba anatafuta kitu alichokipoteza. Halafu akanyanyuka, akaenda chumbani kwa kaka.

"Mwanangu, nimekuonea. Nisamehe," alisema waziwazi. "Kitambaa kilichobaki kinatosha mkono mwingine. Utaukata wewe."

Wiki hiyohiyo walikwenda kwa daktari wa macho. Alimpima Kifungo kwa mashine moja baada ya nyingine, akachukua damu yake na ya baba, akaipeleka maabara kubwa. Majibu yaliporudi, aliwakalisha wote watatu ofisini.

"Kwanza, sindano haijamharibu mtu macho hapa," daktari alisema. "Tatizo limo kwenye jeni. Jeni ni maelekezo yaliyomo ndani ya mwili, tunayorithi kwa wazazi. Mwili ukitaka kuyatumia maelekezo hayo, huyanakili kwanza. Nakala hiyo inaitwa RNA mjumbe. Lakini ikitoka huwa ndefu, ina vipande visivyohitajika. Lazima vikatwe, kisha vinavyofaa viunganishwe."

"Kama kitambaa!" Kifungo alidakia. "Unakata, unatupa vipande, unashona!"

"Hivyo hivyo, fundi. Wakataji na washonaji wa mwilini ni protini. Jeni yako hii hutengeneza protini mojawapo katika kundi hilo. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, ya mama na ya baba. Nakala yako moja ya jeni haifanyi kazi, kwa hiyo mafundi wamepungua. Sehemu nyingine za mwili zinamudu, lakini nyuma ya jicho kuna kazi nyingi mno, na huko ndiko upungufu unakoonekana. Huanza na giza."

"Na mimi?" baba aliuliza kwa sauti ya chini.

"Wewe pia unayo nakala mbovu, uliirithi kwa baba yako. Lakini nakala yako iliyo nzima inafanya kazi kwa bidii hadi inaziba pengo. Ya binti yako haifiki hapo."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyempa."

"Hukuchagua umpe nini, mzee. Wala yeye hakuchagua. Dawa ya kuuondoa ugonjwa huu wake bado hatuna, sitawadanganya. Ugonjwa utaendelea polepole, kwa miaka mingi. Lakini tukijua mapema, tunaufuatilia na tunajipanga."

"Nitashona?" Kifungo aliuliza. Hilo ndilo lililomkaa rohoni.

"Shona. Mchana, au chini ya taa kali. Jioni usishike mkasi, wala usitembee peke yako."

Walitoka hospitali jua likiwa limezama. Kwenye ngazi za nje baba alisimama, akawashika wanawe wote wawili mabegani.

"Kesho nafunga taa kubwa juu ya cherehani yako, na mwalimu wako nitamweleza mwenyewe. Lakini nisikilizeni. Kwa kunyamaza kule kwa Kifungo, nilikuwa nawapoteza mafundi wawili kwa mpigo: mmoja kwa kumwonea, mwingine kwa kutojua. Ugonjwa si kosa wala aibu. Ukisema, tunatafuta njia sote. Ukificha, unaitafuta peke yako, tena gizani."

"Nimeelewa, baba."

Kifungo aliitazama ngazi. Zamani angeshuka kwa kubahatisha na kuomba asianguke. Akanyoosha mkono.

"Kaka, hapa sioni. Nishike."

Kaka akamshika, wakashuka.