Simu ya Mama Kadi na Waifai ya Jirani

Ukuta kati ya nyumba yangu na ya Mama Kadi ni mwembamba. Akikohoa, nasikia. Mumewe akikoroma, nasikia pia. Asubuhi printa yao ikianza kunguruma, ndipo najua kumekucha.

Mama Kadi hutengeneza kadi za harusi, za shule na za shughuli nyingine. Huzipanga kwenye simu yake. Akimaliza huzituma kwenye printa bila waya wowote. Anaweza kuwa jikoni anachemsha chai, akabonyeza simu, na kadi ikatoka sebuleni. Kazi hiyo ameianza mwenyewe, na anaipenda.

Mumewe ni dereva wa lori. Mtaani tunamwita Dereva tu. Akiwa safarini, nyumba ile imetulia. Akirudi, ukaguzi unaanza. Nani alikuja? Alikaa wapi? Kikombe hiki kimenywewa na nani? Fundi aliyekuja kuifunga printa alitimuliwa kabla hajamaliza chai, eti ana sauti nzuri. Hata printa yenyewe Dereva anaionea wivu.

"Hiyo mashine unaifuta vumbi kila siku," nilimsikia akisema. "Mimi nikirudi na vumbi la safari, unanionyesha ndoo."

"Mashine hainiulizi nilikuwa wapi," mkewe akamjibu.

Mimi nimefiwa na mke. Alifia kwenye hospitali ambayo wakubwa huitaja katika kila hotuba, lakini siku ile haikuwa na kitanda. Kwa hiyo nikiwasikia wale wawili wakizozana, wivu hunikaba. Ningepewa mimi ugomvi ule, hata wa sahani chafu, ningeupokea kwa mikono miwili.

Ijumaa moja umeme ulikatika asubuhi. Wenye shirika lao la umeme hawakusema lolote. Wao hukata kwanza, maelezo hayaji kamwe. Uliporudi, jua lilikuwa limeshapita utosini. Nesi wa zahanati alikuwa anakaribia kufunga ndoa, na jioni hiyo alikuwa anakuja kuchukua kadi zake. Mama Kadi akabonyeza simu. Printa kimya.

"Inaandika printa haipatikani," alisema. "Na iko hapa mbele yangu!"

"Lete niione," Dereva akasema. "Mtu anaendesha lori la magurudumu kumi na nane, atashindwa na kisanduku?"

Akaizima, akaiwasha. Akatoa wino, akautikisa, akaurudisha. Akaipiga kofi ubavuni kama anavyopiga tairi. Kisha akashika simu akabonyeza amri ya kuprinti, tena na tena, kwa hasira.

"Intaneti ipo?" mkewe akauliza.

"Ipo. Video zinafunguka vizuri. Ngoja nitazame kwenye waifai."

Mimi huku ukutani niliacha kutafuna.

"Bibie," Dereva akasema kwa sauti ya chini, "hebu nisomee hapa."

"Mzee wa Kona. Imeunganishwa."

"Mzee wa Kona ni nani?"

Mzee wa Kona ni mimi. Nyumba yangu ndiyo ya mwisho, pale mtaa unapokata kona. Marehemu mke wangu ndiye aliyeipa waifai yetu jina hilo, kunitania tu.

Sikungoja kuitwa. Nilipofungua mlango, Dereva alikuwa ameshafika, simu mkononi, amevaa ndara mguu mmoja.

"Mzee, nimekuheshimu miaka mingi. Simu ya mke wangu imejuaje neno la siri la nyumba yako?"

"Muulize mwenye simu."

"Nakuuliza wewe! Mimi niko barabarani nakula vumbi, simu ya mke wangu inaingia kwako bila hodi! Leo hiyo printa naiuza. Kadi zimekwisha. Akae bila mashine, nijue moja."

Mama Kadi alifika nyuma yake, kitambaa cha kichwa kimemwangukia begani.

"Uza!" akasema. "Nesi akija mpe lori lako, aalike watu kwa honi. Lakini kwanza sikia. Mkewe Mzee alipolala kitandani mgonjwa, ni nani alikaa naye mchana? Ni mimi. Alikuwa anapenda kuona kadi ninazotengeneza. Bando langu likaisha. Akaniambia lete simu, akaandika neno la siri kwa kidole chake mwenyewe. Wewe ulikuwa safarini."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Nikuandikie kila mlango niliopita?"

Dereva akanitazama. Na mimi nikamtazama. Kusema kweli sikumhurumia hata kidogo. Mtu ana mke anayemjibu hivyo, na bado analalamika.

Hapo ndipo akaingia Fundi Miwani. Huyu ni mama mtu mzima anayetengeneza mashine za maofisini. Mama Kadi alimpigia tangu mwanzo, akamchagua kwa makusudi, maana ni mwanamke.

"Shemeji, nakusikia tangu barabarani," alimwambia Dereva. "Umemfumania nani?"

"Printa imekufa, fundi. Na simu ya mke wangu iko nyumbani kwa Mzee."

"Twende tuone aliyekufa."

Tukaenda wote. Na mimi nilienda, kwa kuwa nimetajwa. Fundi aliweka karatasi yenye maandishi juu ya kioo cha printa, akabonyeza kitufe cha kunakili. Nakala ikatoka, safi kabisa.

"Mmeona? Mashine ni nzima na wino upo. Msiipige tena. Sasa tazameni hii taa ya waifai. Imetulia. Maana yake printa imeshika mtandao wenu. Ingekuwa inawaka na kuzima, ingekuwa bado inautafuta."

"Sasa mbona haiprinti?" Dereva akauliza.

"Kwa sababu simu na printa haziko kwenye mtandao mmoja. Printa iko kwenye waifai yenu. Simu iko kwenye waifai ya Mzee. Ni kama wewe umesimama sebuleni kwako, unamwita mtu aliye sebuleni kwa jirani. Utaita mpaka koo likauke."

"Lakini intaneti ilikuwepo!"

"Ilikuwepo, ya Mzee. Video inafunguka kwa intaneti ya nyumba yoyote. Printa ya nyumbani inataka simu iliyo kwenye mtandao wake."

Dereva hakuridhika. "Haya, na simu ilihamaje? Nani aliihamisha?"

"Hakuna aliyeihamisha. Umeme ulipokatika, ruta zote mbili, vile visanduku vya waifai, zilizimika. Uliporudi, ya Mzee iliwahi kuamka. Yenu ikachelewa. Simu ikaona mtandao inaoujua, ikajishika hapo."

"Ya kwake ndiyo hodari kuliko yangu?"

"Ni ruta, shemeji," Fundi akasema. "Na simu haina kiapo cha ndoa. Inamshika aliyeamka kwanza."

Mama Kadi akacheka mpaka akaegemea meza. Dereva akajikaza, kisha kicheko kikamponyoka na yeye. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza wale matajiri wanaotengeneza simu. Wanaweka maelezo kwa maandishi madogo kama mayai ya chawa, tena kwa lugha za kwao, halafu ndoa za watu zinayumba huku.

Fundi akampa Dereva simu. "Shika wewe. Mkono uliozua balaa ndio utakaoliondoa. Fungua mipangilio. Ingia kwenye waifai. Chagua mtandao wenu."

Dereva akachagua. Jina la mtandao wao ni herufi na namba tupu, kama la gari.

"Sasa kuna njia mbili," Fundi akaendelea. "Unaweza kuizuia simu isijiunge yenyewe kwenye mtandao wa Mzee. Au unabonyeza hapa palipoandikwa Sahau, na neno la siri linafutika."

"Nasahau," Dereva akasema haraka.

"Ngoja!" Mama Kadi akamshika mkono. Akanigeukia. "Mzee wangu, aliliandika yeye mwenyewe. Lifutwe?"

Sikutegemea kuulizwa. Nilikumbuka kile kidole, kilikuwa kimebaki mfupa. Alikuwa akibonyeza herufi moja, anapumzika, anabonyeza nyingine. Na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni namwambia asijichoshe.

"Futa, mwanangu," nikasema. "Yeye hayumo humo. Fanyeni kazi."

Dereva akabonyeza, lakini polepole.

"Usiprinti bado," Fundi akamzuia. "Umebonyeza mara ngapi ulipokuwa na hasira?"

"Nyingi."

"Basi kazi zote hizo zimejipanga foleni. Zikifunguka zitatoka kwa pamoja, zimalize karatasi na wino wa watu. Fungua orodha ya zinazosubiri, uzifute zote. Kisha tuma moja tu."

Akafuta. Akatuma moja. Printa ikavuta pumzi, ikanguruma, ikatema kadi nyeupe yenye maua pembeni na jina la nesi katikati. Mama Kadi aliipokea kwa vidole viwili asiichafue. Akaipuliza. Uso ule sijui kama Dereva aliuona, mimi niliuona.

"Umeme ukikatika tena," Fundi alisema akifunga begi lake, "fuateni mpangilio. Washa ruta kwanza. Subiri taa zake zitulie. Kisha washa printa, usubiri taa yake nayo. Mwisho shika simu, utazame iko kwenye mtandao gani. Ndipo utume. Na wewe shemeji, ukiona jina usilolijua, uliza kabla ya kuvaa ndara."

Nesi alikuja jioni akazikuta kadi zote zimefungwa kwenye boksi. Alizisifu mpaka Mama Kadi akaona haya. Alimletea kazi nyingine hapo hapo, ya dada yake. Dereva mwenyewe ndiye aliyembebea boksi mpaka barabarani. Habari ya kuuza printa hakuitaja tena.

Umeme haujaacha kukatika, na wenye shirika lao hawajaacha kunyamaza. Lakini ukirudi, siku hizi namsikia Dereva akipaza sauti kutoka chumbani.

"Ruta kwanza!"

"Nimewasha!"

"Taa zimetulia?"

"Zimetulia, bwana wee! Na simu iko kwenye waifai yako, njoo uikague!"

Kisha wanacheka, na printa inaanza kunguruma. Mimi huku kwangu nawasha ruta yangu, nasubiri taa zake peke yangu. Wa kumpazia sauti sina, limebaki shirika la umeme, nalo halipokei simu.