Kadi ya Kutokea

Kila jioni Kifungo alipika, akafunika sahani ya mama yake, kisha akakaa kuongea na ukuta. Yeye na mama walikuwa ugenini, katika chumba juu ya duka la matairi. Mdogo wake alibaki kwao kwa bibi, akingoja mama apate nauli ya kumleta. Lakini mama alitoka kazini hoi, na mshahara ulikuwa kiduchu.

"Ee Mungu, mlete mdogo wangu," Kifungo aliomba, "hata akinisumbua."

Jioni moja alijifungia nje, akaenda kumwomba mama ufunguo kwenye kiwanda alikofanya kazi, cha kufulia mashuka ya hoteli. Alimkuta msimamizi akikusanya kadi za wafanyakazi na kuzigonga kwenye saa ya ukutani inayochapa muda wa kuingia na kutoka. Kila kadi ikaonyesha kwamba mwenyewe ameshaondoka. Hakuna aliyekuwa ameondoka.

"Mama, mbona kadi inasema umetoka na bado upo?"

"Anatusaidia, mwanangu. Tukimaliza hatupangi foleni kwenye saa."

"Sasa saa hizi nani anajua kwamba upo, akulipe?"

Mama aliacha kukunja. Shuka likaning'inia mikononi mwake.

"Kumbe sisi mizimu," alisema mwenzake, Shangazi Kicheko. "Tuko nyumbani tumelala, na huku tunapiga pasi."



"Nikisema nitafukuzwa," mama alinong'ona. "Hapa sina ndugu."

"Ukisema peke yako, ndiyo," alisema Shangazi Kicheko. "Tukisema wote, mashuka atakunja nani? Msimamizi na tumbo lake lile?"

Kesho yake asubuhi wakaongozana wote hadi ofisi ya serikali ya kazi, wakalalamika. Siku chache baadaye mkaguzi wa ofisi hiyo akaingia kiwandani jioni bila kubisha. Kadi zilisema wanawake wameondoka, naye aliwaona kwa macho yake wakipiga pasi. Mwajiri akaamriwa kuwalipa saa zote alizowapunja.

Mkaguzi alimgeukia Kifungo, aliyekuja kumngoja mama yake. "Mama yako ameniambia uliuliza swali ambalo wakubwa hawakuuliza. Mfanyakazi agonge kadi yake mwenyewe, wakati anaondoka kweli. Aulize masharti ya kazi kabla ya kutia sahihi mkataba. Na akipunjwa asinyamaze, hata kama ni mgeni. Sheria inamlinda yeye pia."

Jioni hiyo hapakuwa na sahani ya kufunika. Mama na Kifungo walimshukuru Mungu, wakala pamoja. Kisha Kifungo akatoa sahani ya tatu kabatini, akaifuta vumbi, akaiweka mezani: nauli ya mdogo wake sasa ingepatikana.