Ubao wa Visima Saba

Kila alfajiri, kabla ya kwenda shule, Severina alipanga ndoo yake kwenye foleni ya tangi la kanisa pale Mkunya. Ilikuwa ndoo moja kwa kila nyumba, na mama aliyelinda tangi hakuwa mtu wa kubembelezwa. Pampu iliyokuwa ikisukuma maji kutoka bondeni ilikuwa imekufa mwaka wa pili sasa. Severina aliibeba ndoo yake kichwani mwendo wa nusu saa, akanawa uso kwa maji ya kikombe kimoja, kisha akatoka mbio kuwahi namba, ule mkusanyiko wa asubuhi shuleni. Alikuwa darasa la sita.

Jioni alikuwa na kazi nyingine. Mjomba wake, Ambrosi, alikuwa mchonga vinyago. Mjomba akichonga, Severina alipiga msasa na kupaka kiwi nyeusi mpaka kinyago king'ae. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni, biashara ilipofunguliwa. Malori ya wanunuzi wapya wa korosho yalipita yakitimua vumbi, maduka ya Newala yalijaa redio na mitumba, na wanunuzi wa vinyago nao walifika mpaka uani kwa watu. Hawakuuliza mengi. Kilichong'aa walikichukua, kisichong'aa wakakiacha.

"Sugua, mpwa wangu," mjomba alikuwa akisema. "Mgeni hanunui mikwaruzo."

Severina alikuwa na mkono mzuri na alilijua hilo. Akisifiwa, basi siku nzima hashikiki.

Nyuma ya shule palikuwa na bohari kuukuu ambamo Mwalimu Danieli, mwalimu mstaafu, alitunza vitu vya kale. Kwa miaka kumi na tisa alizunguka na baiskeli yake kijiji hadi kijiji, akiomba watu wasitupe. Humo mlikuwa na majembe yaliyofuliwa na wahunzi wa zamani, ndonya walizovaa mabibi mdomoni, kengele iliyopasuka, na ramani za karatasi zilizoliwa na mende pembeni. Mlikuwa pia na ubao mmoja mwekundu, mpana kama sinia, uliochakaa. Kila Jumatano Mwalimu aliwakusanya wanafunzi wachache akawaeleza habari za kitu kimoja. Siku alipoeleza habari za ubao ule, Severina alikuwa dirishani akihesabu magunia ya korosho yakipakiwa kwenye lori. Hakusikia hata neno moja.

Ikaja habari kwamba mabwana wa maji watafika kutoka Mtwara siku ya Alhamisi, na wataanzia kwenye bohari la Mwalimu Danieli. Jumanne Mwalimu aliwaita Severina na Husseni, mvulana wa darasa lake, akawapa ufunguo.

"Fagieni sakafu," aliwaambia. "Vumbi la juu mlipanguse kwa kitambaa kikavu. Msitie maji, msipake mafuta, msikwangue chochote. Tumeelewana?"

"Tumeelewa, Mwalimu," walijibu wote wawili.

Walifagia pamoja. Kisha Husseni akakumbuka mbuzi wa mama yake waliokuwa wamefungwa juani. "Nakwenda kuwahamisha, nitarudi kufunga mlango," alisema, akaondoka.

Severina akabaki peke yake. Akatazama huku na huku, akaona aibu. Wageni watoke Mtwara kote huko waje kuona takataka hizi? Jicho lake likatua juu ya ubao mwekundu. Ulijaa mikwaruzo na madoa meusi kama ya mkaa, utadhani ulikuwa ubao wa kukatia mboga. Akaugeuza kwenye mwanga. Ubao mzuri kabisa, alijisemea, umeharibiwa na watu wasiojua kutunza. Maneno ya Mwalimu aliyakumbuka, tusimsingizie kwamba aliyasahau. Lakini alijiona yeye ni fundi, na mafundi hawaambiwi kama watoto.

Mfukoni alikuwa na kipande cha msasa, na kiwi ilikuwa kwa mjomba, hapo ng'ambo ya uwanja. Alikwenda mbio akarudi. Alisugua mpaka jasho likamtiririka, na ungaunga mwekundu ukamwagika miguuni. Alisugua mpaka mkwaruzo wa mwisho ukaisha. Kisha akapaka kiwi kidogo, akafuta kwa kitambaa, na ubao ukang'aa hata akaona kivuli cha uso wake. Akaurudisha mahali pake, akazoa ule ungaunga, akaenda zake akiimba. Husseni aliporudi alichungulia tu, akaona sakafu safi, akafunga mlango.

Alhamisi wageni wakafika, wawili, na gari lao jeupe kwa vumbi. Mkubwa wao alikuwa mtu mpole mwenye miwani.

"Tuseme ukweli," alianza. "Kutengeneza pampu kila kijiji hakuwezekani tena siku hizi. Lakini tuna saruji ya kujengea visima vya asili, vile visivyokauka kiangazi. Kijiji kitakachotuonyesha visima vyake na kutoa nguvukazi, tutaanza nacho. Tumesikia ninyi mna ramani."

"Tunayo," alisema Mwalimu Danieli, na uso wake ulijaa furaha. "Zamani, kabla ya barabara, mzee Nampoto alikuwa akipeleka barua kwa miguu kati ya Masasi na Newala. Kila kisima alichokunywa maji kiangazi alikichora ubaoni kwa ncha ya kisu, na njia ya kukifikia, kisha akatia mkaa. Visima saba. Wazee waliovijua vyote saba wamekwisha, lakini ubao wake upo."

Severina, aliyesimama nyuma na wenzake, alirudi hatua moja mpaka ukutani.

Mwalimu aliushika ubao kwa mikono miwili. Akautazama. Akaugeuza upande wa pili, akaurudisha upande wa kwanza, akaupeleka dirishani. Alipitisha vidole juu yake polepole kama kipofu anayetafuta kitu.  Kisha akawageukia wote.

"Nani ameugusa ubao huu?"

Wote wakawatazama Severina na Husseni.

"Mimi sijui, Mwalimu," alisema Husseni.

Severina alijua zamu yake imefika. Hapo ndipo mambo yangekwisha, kwa neno moja tu. Lakini mwenye miwani alikuwa akimtazama, na darasa zima lilikuwa likimtazama. "Mimi nilifagia tu," alisema. "Husseni ndiye aliyefunga mlango."

Ni kweli Husseni ndiye aliyefunga mlango. Uongo mwingine huvaa nguo ya kweli namna hiyo, na ndio mbaya zaidi. Husseni alikuwa mtundu, kila mtu alijua, na kaka yake alikuwa mchonga vinyago. Haikuhitajika zaidi ya hapo; hakuna aliyekumbuka kwamba Severina naye ana mjomba mchongaji. Alipojitetea, sauti yake ilipanda, na ilipopanda wakasema ana kiburi. Mwalimu alimwambia asikanyage tena bohari lile. Husseni aliondoka bila kuaga, akijifuta macho kwa mkono wa shati.

"Basi tutatangulia kijiji cha Chilangala," mwenye miwani alisema taratibu. "Ijumaa ya wiki ijayo tutapita tena. Mkipata chochote, mtuambie."

Siku tatu zile Severina hakuonja raha. Alfajiri kwenye foleni ya tangi aliwasikia akina mama wakisema, "Maji yalikuwa yamefika mlangoni, huyo Husseni kayafukuza." Mama yake Husseni alisimama palepale na ndoo yake, akitazama chini. Severina alitaka ardhi impasukie. 

Jumapili mjomba Ambrosi alimpa kinyago akipige msasa. Severina alikishika, akakitazama, machozi yakaanza kumtoka.

"Una nini?" mjomba aliuliza. "Unaumwa?"

"Mjomba, siwezi kusugua tena," alisema, kisha akamweleza yote, tangu mwanzo hadi mwisho, huku akilia kwa kwikwi.

Mjomba hakumpiga wala hakumkaripia. Aliweka chini tezo yake ya kuchongea, akatazama vinyago vyake vilivyopangwa, vyote vyeusi, vyote vinang'aa. "Mimi ndiye niliyekufundisha kwamba mkwaruzo ni uchafu," alisema. "Vaa kanga yako. Twende."

Kwetu Umakondeni, mtoto akikosa, mjomba ndiye anayesimama mbele. Kwa hiyo walipofika kwa Mwalimu Danieli na kubisha hodi, Ambrosi ndiye aliyetangulia kusema.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Ambrosi. Karibuni."

"Hatukai. Mpwa wangu amekosa, kwa hiyo nimekosa mimi. Ana neno la kukuambia, nami nimekuja nisimame naye."

Severina alipiga magoti. "Ni mimi, Mwalimu. Niliupiga msasa. Nilitaka ung'ae. Husseni hakujua lolote."

Mwalimu Danieli alivua kofia yake, akaishika mapajani. Alizeeka ghafla. "Husseni hakujua lolote," alirudia. "Nami nilimfukuza mbele ya watu." Akaiweka kofia pembeni. "Na mimi pia nina kosa langu. Ubao ule nilikuwa nao miaka kumi na tisa. Kila mwaka nilisema nitaunakili kwenye karatasi, nitaunakili kesho. Inuka, Severina. Kabla ya mambo ya visima, kuna nyumba moja tunapaswa kwenda."

Walikwenda watatu hadi kwa kina Husseni. Mwalimu, mtu mzima na mvi zake, aliomba radhi wa kwanza, mbele ya mama mtu. Severina akafuata. Husseni alimsikiliza huku akichora chini kwa kidole cha mguu.

"Nimesikia," alisema. "Lakini waliniita mharibifu kwenye tangi na shuleni. Na huko ukaseme vilevile."

"Nitasema," Severina alijibu. Na kesho yake alisema, alfajiri kwenye foleni ya tangi na asubuhi mbele ya namba. Wapo waliomzomea. Alistahimili.

Visima je? Mama yake Husseni ndiye aliyemkumbuka Bibi Julia, bibi mkali aliyekuwa akiteka maji bondeni enzi za usichana wake. Mwalimu aliwaambia Severina na Husseni wafuatane naye kwa bibi huyo. Bibi Julia aliwasikiliza kisha akacheka kicheko cha uchungu.

"Mlipopata pampu nilisema njia za visima zisiachwe zikafungwa na pori. Mkaniona nimechanganyikiwa. Leo mmenikumbuka." Hata hivyo aliagiza fimbo yake. "Nipandisheni kwenye baiskeli mpaka ukingoni. Kuteremka nitateremka mwenyewe."

Walishinda siku mbili wakiteremka na kupanda, Bibi Julia akilalamikia magoti na kumsema Mwalimu kwa mwendo wake wa kobe. Mjomba Ambrosi alitangulia na panga akifyeka. Severina aliandika, Husseni akachora. Kisima cha Chitunda walikipata, maji yake meupe chini ya mizizi. Namkong'o wakakipata. Lilala kilikuwa kimejaa majani, lakini Ambrosi alipofukua kwa mikono, maji yakapanda mpaka kwenye kifundo.

"Na vingine vinne?" Severina aliuliza.

Bibi Julia alilitazama bonde. Mbele yake pori lilikuwa limefunga moja kwa moja hadi kwenye ukungu wa Ruvuma. "Kimoja kilikuwa upande wa Masasi, wanaume ndio waliokijua. Vingine nilisikia majina tu nikiwa mdogo, na majina yenyewe yamenitoka. Nampoto alivijua. Sasa hakuna."

Severina aliandika nambari nne, tano, sita na saba, na mbele yake hakuandika kitu.

Ijumaa mabwana wa maji wakapita, wakapewa ramani mpya ya karatasi. Mwenye miwani alishuka bondeni mwenyewe, akaonja maji ya Chitunda, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kabla ya masika visima viwili vilikuwa vimejengewa saruji, na foleni ya tangi ikapungua. Watu walishukuru. Hata hivyo, kiangazi kilichofuata Lilala kikapungua sana, na wazee wakawa wakiulizana vile vinne viko wapi.

Husseni alirudi bohari. Alikuwa akimsalimu Severina na kuzungumza naye kazi, ila alipokwenda kuwahamisha mbuzi wa mama yake, alifunga mlango akaondoka na ufunguo. Severina aliliona hilo, na hakumlaumu.

Siku moja alimkuta Mwalimu Danieli akiurudisha ubao ule mwekundu rafuni, palepale ulipokuwa.

"Mwalimu, kwa nini usiutupe?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Hauna kitu tena."

Mwalimu alimpa kipande cha karatasi ngumu na kalamu. "Kila kitu humu kina maelezo yake. Huu nao uandikie. Andika wewe."

Severina alikaa sana na kalamu mkononi. Mwishowe aliandika kwa herufi za kusomeka vizuri: *Hii ilikuwa ramani ya visima saba, iliyochorwa na mzee Nampoto. Ilifutwa kwa msasa na Severina wa darasa la sita. Vitatu vimepatikana.*

Mwalimu alisoma, akaibandika karatasi chini ya ubao.

"Sikukuagiza uandike ili uaibike," alisema. "Ulifanya mambo mawili, Severina. Uliufuta ubao kwa kutojua na kwa kutosikia ulichoambiwa, na hilo mtu anaweza kusamehewa siku hiyohiyo. Kisha ulinyamaza, ukamwacha mwenzako abebe. Ungesema kweli Alhamisi ile, Husseni asingelia hata siku moja. Sema kweli mapema, mwanangu, wakati bado inaweza kumsaidia mtu. Na kitu cha wazee usichokielewa, kiulizie kwanza kabla hujakitia mkono, maana aliyekifanya hayupo tena wa kukifanya upya."

"Nimesikia, Mwalimu," alisema Severina, na safari hii alikuwa amesikia kweli.