Mrija wa Rufino

Kikombe cha pembe kilimponyoka Rufino katikati ya vurumai la Soko la Nne, kikabingirika mpaka kwenye ndala za Celsa, muuza mitishamba.

"Dada, kikombe changu kimeshakuchagua."

"Kimechagua mnanaa wangu. Lete pesa, guaraní elfu tatu." Celsa akacheka, akatwanga majani kwenye kinu, gauni lake la njano likirukaruka kwa kila pigo la mchi.

Miezi mitatu Rufino, fundi feni, akawa anapita kila asubuhi. Alimwita malkia, jioni akampigia simu mpaka chaji imwishie. Na kila asubuhi alilipa, tena akaacha chenji. Celsa naye akaanza kupaka wanja kabla hata ya kuwasha jiko.

Ndipo Jumanne moja akamwona. Rufino kakaa kibandani kwa Mirta, muuza mikate ya jibini, mwenye sketi nyekundu iliyombana, wanakunywa tereré: kikombe kimoja, mrija mmoja, maji ya barafu juu ya mnanaa uleule alioutwanga Celsa! Mirta akanywa mara tano ndipo akarudisha kikombe na kusema asante, maana ukishasema asante huongezwi tena.

Kifua cha Celsa kikawaka moto. Mimi ananipa noti, yule anampa mrija!

Jioni simu iliita mara nne ndipo akapokea.

"Malkia, umeninunia?"

"Malkia wako si yule mnayegawana naye mrija?"

"Mirta? Mirta hajawahi kunilipisha mkate, nitamnyimaje maji? Wewe nakunyooshea noti, unaikunja, unaitia kifuani. Nikajua kwako mimi ni mteja tu."

"Si ulikuwa unatoa!"

"Si ulikuwa unapokea!"

Celsa akakata simu. Aibu ilimshika, lakini wivu ulikuwa palepale.

Asubuhi Rufino akaja, shati limepigwa pasi, noti mkononi. Celsa akatwanga, akamtilia majani, akaisukuma noti.

"Rudisha mfukoni. Halafu ukae."

Rufino akaketi kwenye kigoda, akamimina maji, akampa kikombe. Ng'ambo ya njia, Mirta alikuwa ameshika kiuno, anatazama. Celsa akanywa polepole mpaka mrija ukakoroma, akakirudisha kikombe bila neno. Rufino alisubiri asante. Haikuja.

"Hujatosheka?" akauliza, sauti imemshuka.

"Wewe mimina tu. Na umwambie Mirta anunue mrija wake."