Kutu Ndani ya Pamba

Msimu wa pamba ukifika, nyumba ya Masele Bundala pale Mwamapalala hujaa mpaka mlangoni. Pamba sebuleni, pamba chumba cha watoto, pamba mpaka chini ya kitanda. Watoto hulala juu yake wakicheka, na asubuhi huenda shule na nyuzi kwenye nywele.

Masele ni mkulima, tena ni fundi seremala. Randa mbili, patasi nne na msumeno alivirithi kwa baba yake. Mwaka huu, kwa kuogopa wezi, alivitia vyote kwenye gunia akalifukia chini ya pamba.

"Nani atafukua pamba yote hii kutafuta patasi?" alimwambia mkewe, Nyanjige.

Ila kuna jambo hakumwambia. Jioni moja, Nyanjige akiwa kisimani, Masele alikoroga chumvi kwenye ndoo ya maji, akainyunyizia pamba ili iwe nzito kwenye mzani. Alikuwa ameona wengine wakifanya. Gunia la vifaa hakulikumbuka kabisa.

Jumatatu ndipo alipolitoa. Kamati ya shule ilikuwa imempa mbao za madawati ishirini, mbao walizochanga wazazi. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Mayala, alikuwa amesema wazi: "Jumamosi tunakuja kuona dawati la kwanza. Tusipoliona, mbao zinakwenda kwa fundi wa Bariadi mwenye mashine."

Masele akafungua gunia. Randa zilikuwa nyekundu kama udongo wa kichuguu.

"Mungu wangu! Imekuwaje?" Nyanjige aliuliza.

"Unyevu tu," Masele alijibu, akageukia ukutani.

Jumanne alibeba gunia lake, akapanda pikipiki hadi Bariadi mjini kununua vifaa vipya. Dukani aliona randa inayong'aa. Mkono ulikuwa umeshaingia mfukoni, akasikia mtu anacheka. Alikuwa mama mmoja aliyekaa kwenye kigoda kibarazani, tupa mkononi. Jina lake Apolonia. Kazi yake ni kufufua vifaa vya mtumba.

"Mwangaluka, baba," alimsalimu kwa Kisukuma. "Hiyo ni ya kurandia au ya kujitazamia?"

"Mwangaluka, mayu. Ya kurandia."

"Basi usiipendee kung'aa. Ndugu yake huyu hapa, mteja kaniletea juzi." Akailaza juu ya kipande cha kioo. Ikayumba. "Umeona? Tumbo lake halijanyooka. Na kisu chake ni laini." Akakipitishia tupa, ikakila kama sabuni. "Ukinoa asubuhi, mchana kimekufa."

Masele akaonyesha mashine ya umeme ya kurandia, iliyotumika. "Na ile?"

"Zungusha kwa mkono kwanza. Unasikia beringi zinavyosaga? Sasa nusa pale kwenye mota."

Masele akanusa. Ilinuka kuungua.

"Mashine ya mtumba usitoe hela kabla hujaizungusha, hujainusa, na hujaiona ikifanya kazi. Kwani nyumbani huna kitu?"

Masele akafungua gunia taratibu, kama mtu anayevua shati kuonyesha kidonda. Apolonia akaigonga randa kwa kidole, akasikiliza.

"Haina ufa. Kisu bado kirefu. Chuma kizuri hiki, usikitupe." Kisha akachomoa uzi mweupe kwenye kutu. "Vililala kwenye pamba?"

"Ndiyo."

"Pamba kavu haifanyi hivi. Ililowa maji gani?"

Wakulima wawili walikuwa wamesimama pale wakingoja misumeno yao. Masele akahisi masikio yakipata moto.

"Maji tu, mayu. Paa linavuja."

Mvua ilikuwa imekata siku nyingi. Apolonia akamtazama, akautupa uzi ule.

Akamfundisha. Akafungua randa vipande vipande. Akapaka mafuta ya taa, akasugua kwa brashi ya waya. Akatandika msasa juu ya kioo, akasugua tumbo la randa mpaka likanyooka. Kisha akashika jiwe la kunolea.

"Kisu kilaze kwa mlalo uleule, usikitikise. Ukihisi kinyuzi cha chuma kwa nyuma, geuza kisu ukiondoe. Ukitumia jiwe la umeme, chovya kwenye maji kila mara. Kisu kikiwa bluu, ugumu wake umeondoka."

Mwishoni akapaka mafuta ya mashine. Masele akarudi nyumbani amefurahi.

Jumatano asubuhi kutu ilikuwa imerudi.

Angeweza kusema kwamba yule mama kamtapeli. Nyanjige alishaanza kusema hivyo. Masele akamsikiliza, akasukuma sahani kando.

Alhamisi alirudi Bariadi. "Mayu, nilikudanganya. Yalikuwa maji ya chumvi. Niliyamwaga mwenyewe, kwa ajili ya mzani."

Mkulima mmoja akapasua kicheko. "Kumbe pamba yenu huko mnaila na ugali!"

"Nyamaza, Mabula," Apolonia alisema. "Na ule mchanga wa gunia lako la pamba tuusemeje?" Akamgeukia Masele. "Sikukuuliza ili nikuaibishe. Chumvi imejificha kwenye vishimo vya kutu, na mafuta yanaifunika tu. Osha kwa maji ya moto na sabuni. Suuza mara mbili. Anika juani mpaka chuma kiwe cha moto mkononi. Ndipo upake mafuta."

Nyumbani alimweleza mkewe yote.

"Ndiyo maana chumvi iliisha!" Nyanjige alisema. "Na mimi nikamgombeza Joyness wiki nzima! Kamwombe radhi mwanao. Na pamba tunaitoa nje leo hii."

Walitandaza pamba uani. Iliyoingia chumvi waliitenga, haikupelekwa mzanini. Majirani walijua maana ya kuanika pamba wakati huo: imetiwa maji.

"Ng'wana Bundala!" jirani mmoja aliita. "Mvua ilinyesha kwako peke yako?"

Masele alichemsha maji. Aliosha, akasuuza, akaanika, akanoa. Ijumaa randa ilitoa ukanda mrefu wa mbao, mwembamba kama karatasi.

Jumamosi kamati ilikuja. Mzee Mayala akapitisha kiganja juu ya dawati.

"Hakuna hata kibanzi. Umetumia mashine gani?"

"Randa za baba, mzee."

"Na pamba ile ya pembeni?"

Masele akatazama chini. "Niliitia maji ya chumvi. Tumeitenga."

Mzee Mayala akawageukia wenzake. "Mtu wa hivyo tutamwaminije na mbao za watoto?"

"Zihesabuni sasa. Nikimaliza, hesabuni tena, pamoja na vipande."

Wakazihesabu kwa sauti, ubao mmoja mmoja, mbele ya mkewe na watoto. Masele alisimama pale mpaka wa mwisho, jasho likimtoka.

Shule ilipofunguliwa baada ya likizo, madawati ishirini yalikuwa darasani. Vifaa sasa vinaning'inia ukutani, pakavu, vimepakwa mafuta. Kamati ilirudi, ikahesabu hadi vipande. Vilitimia. Mzee Mayala hakumsifu.

"Kuna meza ya mwalimu," alisema. "Mbao ziko stoo. Ufunguo huu, kachukue mwenyewe."